Waislamu wa Kigali na Mji Unaokua: Habari za Biryogo na Nyamirambo

Mji wa Kigali hauna umri mkubwa. Kilwa na Lamu zilikuwa na misikiti ya mawe kwa karne nyingi, na Ujiji ulikwisha kuwa mji wa biashara, wakati kilima cha Nyarugenge kilipokuwa bado mashamba na malisho ya ng'ombe. Mwaka 1907 Dakta Richard Kandt, tabibu wa Kijerumani aliyeingia nchi hizi akitafuta chanzo cha mto Nile, na ambaye sasa alikuwa amefanywa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani nchini Rwanda, alichagua kilima hicho akajenga makao yake. Mfalme Yuhi Musinga alikaa Nyanza, upande wa kusini. Kandt alitaka mahali palipo katikati ya nchi, njia za pande zote zikutanepo. Ndivyo Kigali ulivyoanza, mji wa boma na wa njia.

Mzungu hakuja peke yake. Alikuja na askari, wapagazi, makarani, wapishi na mafundi, na nyuma yao wakafuata wachuuzi wenye nguo, chumvi na shanga. Wengi wa watu hao walitoka upande wa Tanganyika, lugha yao ilikuwa Kiswahili na dini yao Uislamu. Kabla ya hapo wafalme wa Rwanda hawakuwapa wafanyabiashara wa pwani nafasi kubwa ya kuingia, kwa hiyo wenyeji wa nchi walimwona Mwislamu kwa mara ya kwanza akiwa katika msafara wa Mjerumani. Jambo hili, msomaji mpenzi, tulishike vizuri, maana lilitufuata kwa muda mrefu. Mbegu ya dini iliota. Wanyarwanda wakasilimu, ndoa zikafungwa, watoto wakazaliwa juu ya kilima hichohicho. Lakini jina halikubadilika. Katika Kinyarwanda Mwislamu aliitwa umuswahili, awe amezaliwa Bagamoyo au amezaliwa Gitarama kwa baba na mama wa Rwanda. Na baadaye neno hilo likapata maana nyingine ya kuumiza: mtu mjanja, mwenye maneno mengi, asiyetegemewa. Mtu aliweza kuitwa hivyo sokoni hata kama yeye ni Mkristo, kwa sababu tu amepunguza vipimo vya mchele!

Nia ya kurasa hizi chache ni kueleza kwa nini mizozo ya kila siku ya mji unaokua, mizozo ya sauti, ya njia na ya meza ya biashara, ambayo kwa wengine ni mambo ya kupita, kwetu sisi wa Biryogo na Nyamirambo ina uzito wa namna yake. Watu waliowahi kuwekewa mpaka huzisikia amri za barabarani kwa sikio jingine.

Mwaka 1913 ulijengwa Msikiti wa Al-Fatah, ambao huhesabiwa kuwa wa kwanza katika nchi ya Rwanda. Mwaka huohuo mapadri wa Kikatoliki walianzisha misheni yao ya Sainte-Famille upande wa pili wa mji. Yaani kengele na adhana ziliingia Kigali pamoja, wala hakuna iliyomtangulia mwenzake kwa kiasi cha kujivunia. Wakati huo vyote viwili vilisikika bila taabu, maana nyumba zilikuwa chache na usiku ulikuwa kimya.

Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Kigali, na baada ya vita nchi ikawekwa chini ya Ubelgiji kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Wajerumani walikuwa wamewahitaji Waislamu kwa kazi za ofisini na za ulinzi, nao Waislamu walikuwa na heshima fulani. Wabelgiji hawakuwa na haja hiyo, tena waliwatilia shaka watu waliokuwa karibu na adui yao. Elimu yote ya maana ikawa mikononi mwa misheni. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma alilazimika, mara nyingi, kupita katika mlango wa ubatizo, na kwa hiyo wazazi wengi wakaona afadhali mtoto abaki chuoni na fundi kuliko kurudi nyumbani na jina jingine. Mwaka 1943 Mfalme Mutara Rudahigwa alibatizwa, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme. Tangu hapo kuwa Mnyarwanda na kuwa Mkatoliki yalianza kuonekana kana kwamba ni kitu kimoja.

Hapa ndipo habari za kambi zinapoingia. Waislamu wa Kigali walitengewa mahali pao Biryogo, pakaitwa kwa Kifaransa Camp Swahili, na miji kadhaa mingine ya Rwanda ilikuwa na kambi zake za jina hilohilo. Watu wa kambi hawakuwa chini ya machifu wa kimila kama wenzao wa milimani. Kwa upande mmoja waliepukana na kazi za shuruti za chifu. Kwa upande mwingine hawakuwa na fungu lao katika ardhi, na katika nchi ya wakulima na wafugaji mtu asiye na shamba huonekana kuwa mpita njia. Kutoka kwenda kulala mahali pengine, au mgeni kuja kulala kambini, kulihitaji ruhusa. Mswahili alikuwa na karatasi mfukoni kwa ajili ya kutembea katika nchi aliyozaliwa.

Basi watu walifanya nini? Walifanya kila kazi isiyohitaji shamba wala cheti cha misheni. Walishona, walichinja, walipika chakula cha kuuza, walitengeneza baiskeli na viatu, na magari yalipokuja waliyaendesha na kuyafungua injini. Dereva wa lori alijua Bukoba na Usumbura, alijua Bukavu na Kampala, akarudi na habari pamoja na mizigo. Hivyo kambi iliyokusudiwa kuwaweka watu mahali pamoja ikawa mahali penye mwendo kuliko pote mjini. Ukitaka gari ulikwenda Biryogo. Ukitaka kipuri, au shati la kushonwa kwa usiku mmoja, au sahani ya wali jua likiwa limekwisha kuchwa, ulikwenda Biryogo. Wenye mji waliotuita wageni walikuja kwetu kila siku kwa haja zao, nasi hatukuwafungia mlango.

Sharti niseme pia kwamba maisha ya kambi hayakuwa ya ugomvi na majirani peke yake. Palikuwa na mizozo ya ndani: nani awe imamu, mali ya wakfu isimamiwe na nani, ngoma za harusi zipigwe mpaka saa ngapi. Kambi ndogo yenye nyumba zilizobanana hufundisha watu kuvumiliana, au huwafundisha kupeleka kesi barazani. Tulijifunza yote mawili.

Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962. Kigali ukafanywa mji mkuu, ingawa Astrida, ambao baadaye uliitwa Butare, ulikuwa na shule kubwa na sifa zaidi, na ingawa Wabelgiji wenyewe walikuwa wameitawala Ruanda-Urundi kutoka Usumbura. Wakati huo Kigali ulikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Mwaka 1964 iliundwa jumuiya ya Waislamu wa Rwanda, iliyojulikana kwa muda mrefu kwa jina la AMUR, nasi tukapata kwa mara ya kwanza mahali pa kusemea mbele ya serikali. Lakini kuondolewa kwa karatasi za kambi hakukuondoa fikira za kambi. Katika vyeo vikubwa na katika shule za juu Waislamu waliendelea kuwa wachache kwa miaka mingi.

Kuhusu mwaka 1994 maneno yangu ni machache. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Waislamu wa mji huu pia waliuawa, na katika waliosilimu wapo walioua. Asiseme mtu kwamba mikono yote ilikuwa safi. Lakini watu wengi walifichwa katika nyumba za Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo, na misikitini, na waliowaficha hawakuuliza kwanza dini ya mtu. Mitaa iliyobanana, yenye vichochoro visivyojulikana na mgeni, na watu waliozoea tangu kambini kutoamini kila tangazo la mkubwa, viliokoa roho. Baada ya hapo wengi walisilimu, na neno umuswahili likapungua makali yake.

Tangu hapo mji umekua kwa kasi. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha watu zaidi ya milioni 1.7 katika Mji wa Kigali, ambao mipaka yake nayo ilikuwa imepanuliwa. Majumba ya vioo yakasimama Nyarugenge mahali pa maduka ya mabati. Miaka ya 2007 na 2008 mtaa wa chini wa Kiyovu, uliokuwa ukiitwa Kiyovu cha maskini, ulibomolewa na watu wengi wakahamishiwa Batsinda, mbali na kazi zao. Ramani kuu ya mji ikapitishwa, ikarekebishwa, ikarekebishwa tena. Mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku mwaka 2008. Mgeni akifika leo husifu usafi, na ni haki kuusifu. Mimi sijaona faida ya kuishi katika takataka.

Ila usafi una bei yake, na bei hiyo hailipwi na wote sawasawa. Waangalie wachuuzi wa mikononi, wanaoitwa kwa Kinyarwanda abazunguzayi, wengi wao kina mama wenye beseni la maparachichi kichwani na mtoto mgongoni. Uchuuzi wa barabarani ulikatazwa, na baadaye ikatangazwa kwamba hata mnunuzi hutozwa faini ya faranga 10,000 pamoja na muuzaji. Masoko madogo yalijengwa ili wapate mahali, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini wengi waliyaacha wakarudi barabarani, kwa sababu wateja walikuwa barabarani. Kwa mtu mwenye duka na kodi ya kulipa, mchuuzi aliyesimama mlangoni pake akiuza bidhaa ileile ni dhuluma. Kwa mchuuzi, duka ni mlima asioweza kuupanda. Wote wawili wamo katika safu zetu za Ijumaa, bega kwa bega, na imamu ana kazi ngumu anapotaka kuhutubu juu ya haki ya njia.

Sasa tufike kwenye habari ya sauti, ambayo ndiyo iliyogusa mioyo kuliko zote.

Mwezi wa Machi 2018 wakuu wa Wilaya ya Nyarugenge walikataza misikiti kutumia vipaza sauti kwa adhana, wakisema kwamba wakazi wanasumbuliwa. Wilaya hiyo ndiyo yenye misikiti mikubwa ya mji. Kwa upande wa Waislamu jibu lilitolewa kwamba sauti ingeweza kupunguzwa tu badala ya kuzimwa kabisa. Hata hivyo misikiti ilitii. Wakati huohuo makanisa yapatayo 700 ya Kigali yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya majengo yasiyo salama na kelele, na msikiti mmoja nao ukafungwa. Nayataja haya kwa uadilifu, maana nje ya nchi wako walioandika kana kwamba ni Waislamu peke yao walioguswa. Mchungaji aliyekuwa akipiga gitaa la umeme chini ya turubai usiku kucha aliguswa kabla yetu.

Hata hivyo mambo mawili hayalingani. Kanisa lililofungwa kwa kukosa choo na mlango wa dharura huweza kujenga choo na mlango, likafunguliwa. Adhana ni jambo jingine. Mzee wa Biryogo aliyezaliwa ndani ya kambi, ambaye utoto wake uliishia penye mpaka, alikuwa amezoea kusikia mara tano kila siku dalili kwamba mji unajua kuwa yupo. Alfajiri ya kwanza ya ukimya, mtu kama huyo hakuhesabu kiasi cha kelele kilichopungua. Alihesabu kitu kingine.

Lakini tukumbuke chanzo cha adhana yenyewe. Waislamu walipohamia Madina walikuwa wakikusanyika kwa kukadiria wakati, hata wakashauriana na Mtume wetu (s.a.w.) juu ya namna ya kuita watu. Wako waliotaja kengele kama ya Wakristo, wako waliotaja baragumu kama la Mayahudi. Kisha Abdallah bin Zayd akaoteshwa maneno ya adhana, na Mtume akamwamuru amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa nzuri na yenye kufika mbali zaidi. Tazama basi: adhana ilizaliwa katika mashauriano, katika mji wenye watu wa dini mbalimbali, na chombo chake kilikuwa koo la mwanadamu. Kipaza sauti ni chombo cha karne ya 20. Tungeweza kumwambia jirani kwamba adhana ni haki yetu, na tukawa wakweli; kumwambia kwamba kipaza sauti ni nguzo ya dini kungekuwa ni kuongeza katika dini.

Tena tusijifiche. Misikiti iliyo karibu karibu ikiadhini kwa pamoja kwa vyombo vibovu vinavyokoroma, kila mmoja ukijaribu kumshinda mwenzake, hata Mwislamu mwenyewe hasikii maneno, na anayepaswa kuitika haitiki. Nyamirambo ina misikiti, ina parokia ya Mtakatifu Charles Lwanga, ina uwanja wa mpira, ina baa, ina pikipiki za abiria zisizolala. Mama aliyejifungua juzi hana njia ya kuchagua sauti itakayomwamsha mtoto wake. Kisichonipendeza katika jambo lile la mwaka 2018 ni mpangilio wake: amri ilitangulia na mazungumzo yakafuata. Kupunguza sauti, kuelekeza vipaza sauti ndani, kuchagua msikiti mmoja uadhini kwa mtaa mzima, yote haya yangeweza kupimwa na wazee wa misikiti pamoja na wakubwa wa wilaya katika baraza la siku moja. Watu waliokaa kitako wakakubaliana hulinda makubaliano yao wenyewe, wala hapahitajiwi polisi. Aliyeamriwa hutii akinung'unika, na manung'uniko hurithiwa.

Miaka mitano baadaye, tangu Septemba 2023, baa na nyumba za starehe nazo ziliwekewa saa za kufunga: saa saba za usiku siku za kazi, na saa nane mwisho wa juma. Wako miongoni mwetu waliocheka wakasema, leo zamu ya jirani. Sikuona cha kuchekea. Ni suala lilelile la mji ambao watu wake wanalala ukuta kwa ukuta.

Mwaka 2021 ukatokea mzozo wa namna nyingine, wenye sura ya neema. Katika siku za ugonjwa wa Korona, hoteli za chakula zilipohitaji nafasi ya nje, baadhi ya njia za Biryogo zilifungwa kwa magari, lami ikapakwa rangi za kupendeza, meza na miavuli vikatolewa nje. Watu wakaja kutoka pande zote za mji kunywa chai ya mnanaa na kula nyama choma, na kwa kuwa hoteli nyingi za hapo haziuzi pombe, jamaa zima na watoto wao huweza kukaa hadi usiku. Mtaa uliokuwa kambi ukawa sebule ya mji. Vijana wetu wamepata kazi. Mwenye gereji, ambaye wateja wake walifika mlangoni na gari bovu, sasa hana njia ya kuliingiza. Mzee aliyeketi mbele ya nyumba yake kwa miaka 40 huwaona wageni wakimpiga picha pamoja na ukuta wake. Na kila mtu ajuaye miji anajua kwamba mahali panapopendwa, kodi hupanda. Aliyepanga chumba Biryogo ana sababu ya kuwa na wasiwasi, hata akiwa anauza chai hiyohiyo.

Siku za Idi uwanja wa Nyamirambo, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa kwa jina la Pelé, hujaa safu za wenye kuswali, na njia zote za kuuendea huwa nyeupe kwa kanzu. Majirani Wakristo husimama milangoni wakingoja kupita, na wengi wao watakula kwetu mchana. Kiswahili, lugha iliyotufanya tuitwe wageni, kilifanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Jambo moja limebaki, nalo ni la kutenda. Nyumba za zamani za Biryogo zinaondoka moja moja, na ramani ya mji haina nafasi kwa vyumba vya udongo. Karatasi za ruhusa za wakati wa Wabelgiji, hati za ndoa zilizoandikwa na makadhi wetu, picha za madereva na malori yao, leseni za cherehani, vyote vimo katika masanduku chini ya vitanda, na mchwa hawangoji. Ndugu mwenye kitu cha namna hiyo anaombwa akilete katika ofisi ya jumuiya baada ya swala ya Ijumaa, kinakiliwe mbele yake, naye arudishiwe chake siku hiyohiyo. Wenye kujua majina ya watu waliokaa katika kila nyumba kati ya Al-Fatah na njia kuu, nao waje. Kijana mwenye daftari atakuwapo.